Mafuta ya Nyonyo na Mafuta ya Lori

Kwa nini pikipiki iliyokunywa mafuta ya bibi yangu miezi minne bila hata kukohoa ilikufa asubuhi ya kwanza baada ya mimi kuitilia mafuta ya lori? Nusu ya swali hilo niliulizwa mbele ya watu, nikiwa na shahada ya chuo kikuu, na sikuwa na jibu. Siku zile nilikuwa na majibu ya mambo mengi. Ningeweza kukueleza kwa nini kijiji chetu, kilichopangwa mistari miwili kando ya barabara ya Handeni kwenda Korogwe, kilikuwa na nyumba nyingi na kisima kimoja. Katika mikutano nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono na wa mwisho kuushusha. Lakini la mafuta lilinishinda. Sikujua kwa nini yaliiua. Nilichokijua ni kwa nini niliyatia.

Niliyatia kwa wivu.

Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudishwa wilayani kwetu kusimamia masomo ya watu wazima. Nilifikia kwa bibi, mama yake mama, aliyenilea. Alikuwa amehamishwa na serikali kama wenzake kutoka boma lake la zamani, akaja na kinu, chungu kikubwa na mfuko wa mbegu za nyonyo. Watu wanasema nyumba yake ilikuwa bado haina mlango wakati minyonyo tayari imeota nyuma ya ukuta. Mafuta yake yalijulikana hadi upande wa Segera. Kila mtoto aliyezaliwa karibu nasi alipakwa hayo kwanza, na mama yake alirudisha shukrani kwa kuleta mbegu. Hayakuuzwa. Nilipokuwa nakwenda chuo nilimwomba chupa moja ya kupaka nywele, akanijibu, "Mafuta ya uzazi si ya urembo." Nikaondoka bila chupa.

Miaka mitatu baadaye nilirudi na sanduku langu la bati, nikamkuta mtu mwingine amekalia kigoda changu.

Alikuwa mkunga wa zahanati. Alinizidi miaka michache. Alizaliwa kambi ya mkonge ng'ambo ya Korogwe, wazazi wake watu wa kusini waliokuja kukata mkonge kwa mkataba na hawakurudi kwao. Alisoma hadi darasa la nane, akaenda kusomea ukunga, basi. Hakuwa Mzigua, lakini alikuwa akiongea Kizigua na bibi kwa kasi ambayo mimi, baada ya miaka ya bweni, nilikuwa nimeipoteza. Walipocheka jambo, nilikimbilia kucheka nao ili nisionekane sikuelewa.

"Huyu ndiye mjukuu wangu msomi," bibi akamwambia.

"Karibu nyumbani, dada," mkunga akasema. Akanikaribisha nyumbani kwetu.

Na alikuwa na pikipiki. Wizara iliipa zahanati kwa sababu wajawazito wengi walikuwa mbali, hasa wale ambao hawakukubali kuhama. Alijifunza kuiendesha siku mbili uwanjani, watoto wakimzomea, siku ya tatu akawapita wakabaki na vumbi. Wazee walewale walioniambia nywele zangu fupi ni mambo ya mjini, walipomwona yeye amefunga kanga juu ya suruali na kupiga teke injini, walisema tu, "Huyo ana kazi."

Nilipofika, pikipiki ile ilikuwa tayari inatumia mafuta ya bibi. Ilianza hivi. Injini yake ilikuwa ya mipigo miwili, na hizo zina mafuta yake maalumu, na mafuta hayo yalikuwa yameadimika. Mkunga alikwenda Korogwe kwa fundi mmoja mzee, Mshambaa wa Lutindi aliyezeekea katika gereji ya shamba la mkonge. Alinisimulia maneno ya fundi mara nyingi, kwa sauti ya fundi.

"Sikiliza, mwanangu. Lori lina tumbo la kuwekea oili. Hii haina tumbo. Unaichanganyia oili ndani ya petroli, inakunywa vyote pamoja, inachoma, inatoa moshi. Kwa hiyo usichague mafuta kwa unene wala kwa bei. Chagua yatakayolainisha kwanza na kuungua vizuri baadaye. Ya lori hulainisha, lakini masizi! Utakuwa unasafisha plagi kama unavyosafisha meno."

"Sasa nitie nini, mzee, na maduka hayana kitu?"

"Meneja wetu wa zamani, Mzungu, alikuwa na pikipiki ya mashindano. Unajua alikuwa akitia nini? Mafuta ya nyonyo! Haya haya ya kunywesha watoto waliofunga choo."

Fundi alicheka sana. Mkunga naye alicheka, akapanda basi, akaja moja kwa moja kwa bibi yangu. Bibi akampa chupa iliyozibwa kwa gunzi. Akampa tu, kama mtu anayetoa maji ya kunywa. Kila asubuhi mkunga alichanganya ya siku hiyo, akatikisa dumu hadi mkono umuume, na pikipiki ikaenda. Moshi wake ulikuwa na harufu tamu, kama karanga zilizokaangwa kidogo zaidi. Watoto waliijua kabla hawajaiona. Bibi akisikia mlio anasimama mlangoni, anasema, "Mafuta yangu hayo yanatembea."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo juu ya shahada yangu.

Jumamosi alasiri ndiyo siku ya kukamua. Mbegu hukaangwa, hutwangwa, halafu hupikwa na maji hadi mafuta yapande juu yaenguliwe. Bibi alikuwa na utaratibu mmoja ambao nilikua nao na nikadhani kila nyumba inao: kabla chungu hakijatoa povu, kila aliyeketi jikoni lazima aseme kinyongo chake kwa sauti. Asiposema, mafuta hayapandi. Utotoni nilikuwa nasema nimemkasirikia mbuzi.

Jumamosi yangu ya kwanza tulikuwa watatu. Mkunga alianza bila kuombwa.

"Mimi nina kinyongo na yule mama mkwe wa kule bondeni. Kila nikimfikia mkwewe ananiita mtoto wa kambi. Ananinawisha mikono mara tatu kana kwamba nimetoka kuzoa mavi."

"Limetoka," bibi akasema. "Na wewe, msomi?"

"Sina kinyongo, bibi."

"Hata kidogo?"

"Bibi, mafuta yanapanda kwa sababu ni mepesi kuliko maji. Hayana habari na moyo wa mtu."

Mkunga akacheka. "Basi shika mwiko, dada, uyaamuru!"

Kweli nilikuwa nimeushika mwiko. Bibi aliuchukua mkononi mwangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akampa mkunga. "Kama huna la kusema," akaniambia, "kaa pale mlangoni unizuilie upepo."

Nikakaa mlangoni. Nilikuwa nimesoma miaka kumi na sita, na siku hiyo kazi yangu ilikuwa kuzuia upepo. Nilimtazama mgeni akikoroga chungu nilichokikoroga utotoni, akiengua ile tabaka ya kwanza, ya dhahabu, akiimimina katika chupa yake. Nilijiambia kwamba kinachoniudhi ni ushirikina. Nilitunga hotuba nzima kichwani juu ya ushirikina na maendeleo. Hotuba ilikuwa nzuri. Haikupunguza kitu.

Jumamosi nyingi zilipita hivyo, mimi mlangoni.

Mwezi wa nne tangu pikipiki ianze kunywa mafuta ya bibi, nilikwenda Korogwe kuchukua vitabu vya kisomo. Nilipita kwa fundi, nikamwomba mafuta ya lori, chupa moja. Hakuniuliza ya nini. Yalikuwa mazito, masafi, yalitoka kwenye kopo lenye namba na maandishi, na mimi niliviheshimu sana vitu vyenye namba na maandishi. Njiani nilijieleza vizuri. Kitu kilichotengenezwa kiwandani kwa ajili ya injini lazima kiishinde supu iliyopikwa na kikongwe kwenye chungu. Masizi? Tutasafisha. Nilichokuwa nakiona hasa akilini mwangu kilikuwa hiki: pikipiki inaondoka kwa nguvu kuliko siku zote, bibi yuko mlangoni, nami nasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ahaa, leo yanayotembea ni ya kwangu."

Sikutaka kuiharibu. Nataka niaminiwe hapo. Nilitaka inipende.

Jumatatu jioni mkunga alirudi na nusu tangi ya mchanganyiko wa nyonyo, akaiacha pikipiki nje ya zahanati, ng'ambo ya barabara mbele ya nyumba ya bibi, akaenda kisimani. Siku nyingine aliyamwaga yaliyobaki tangini, maana aliambiwa mchanganyiko wa nyonyo haulazwi. Siku hiyo alichelewa, akayaacha. Nikachukua petroli ya zahanati, nikapima mafuta ya lori kwa glasi yake ya kupimia dawa, moja kwa ishirini, nikatikisa dumu, nikajaza tangi hadi juu. Nikaiosha glasi na kuirudisha ilipokuwa.

Asubuhi na mapema alikuja mwanamume mmoja anahema. Alitoka bondeni, kwenye kile kijumba cha yule mama mkwe. Mkewe alikuwa na uchungu tangu usiku wa manane na mtoto hatoki. Mkunga alifunga mkoba wake, akapiga teke mara moja, mbili, ya tatu ikawaka. Moshi ulitoka mzito, mweupe. Akasita. Akanusa.

"Leo inanuka," akasema, akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama pale nikisubiri ushindi wangu. "Unasikia harufu hiyo, dada?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kutosha kusema jambo zima. Yangetosha maneno matano.

"Labda petroli mbaya," nikasema.

Akaondoka. Bibi alitoka mlangoni, akanusa hewa, hakusema kitu juu ya mafuta yake.

Ilimfia njiani, kabla hajafika nusu. Baadaye alisema ilipoteza pumzi kidogo kidogo, ikapata joto, halafu pistoni ikakwama na gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, likaburutwa kama ng'ombe aliyekataa kamba. Akaiegemeza kwenye mti, akaenda kwa miguu zaidi ya saa mbili. Alipofika mtoto alikuwa ameshazaliwa mikononi mwa mama mkwe, na mama yake anavuja damu. Walimbeba kwa kitanda hadi barabarani, lori la mkonge likampeleka hospitali Korogwe. Alipona, na mtoto pia. Nalisema sasa hivi, ingawa mimi nililingoja siku tatu, nikitoka barabarani kila lilipopita lori kutoka Korogwe.

Pikipiki ilipakiwa ikapelekwa kwa fundi. Nilikwenda na mkunga. Nilijiambia namsindikiza. Fundi akafungua kabureta, akatuita mimi na mkunga, na watu wawili waliokuwa wakingoja baiskeli zao nao wakasogea.

"Njooni muone ulimbo."

Kweli ulikuwa kama ulimbo wa kunasia ndege. Kitu cha kahawia, kinachovutika, kimeziba vile vitundu vya kupitisha petroli. "Ikikosa petroli imekosa na oili, maana vinakwenda pamoja," fundi akasema. "Ikikosa oili, imekwisha. Haya ndiyo mafuta ya bibi kizee. Mimi nilisema utani, nyinyi mkafanya kweli!"

"Mzee, yalikwenda miezi minne," mkunga akasema. "Nafungua mwenyewe kila Ijumaa. Hakukuwa na kitu hiki."

Fundi akakuna kidevu, akanigeukia. "Haya, wewe wa chuo kikuu. Miezi minne inakunywa, leo inakufa. Kwa nini?"

"Sijui," nikasema.

Ilikuwa kweli. Sikujua. Mafuta yangu yalikuwa mazuri, ya bibi nilikuwa nimekwisha kuyaona yanafanya kazi. Kwa muda nilijificha ndani ya ukweli huo mdogo kama mtu anayejificha nyuma ya mwanzi.

Barua ya idara ya afya ilikuja wiki iliyofuata. Mkunga aeleze kwa maandishi kwa nini alitia mafuta ya kienyeji katika mali ya umma, na kwa nini asinyang'anywe chombo hicho. Lakini barua haikunichoma kama alivyonichoma bibi. Jumamosi hiyo hakukaanga. Jumamosi iliyofuata pia. Nyonyo zilikaukia mitini zikawa zinapasuka zenyewe mchana wa jua, tak, tak, mbegu zinaruka na kuchukuliwa na kuku. Mwanamke mmoja alileta kichanga kupakwa, bibi akamwambia aende akanunue mafuta ya nazi.

"Bibi, mbona hivyo?"

"Mafuta yangu yalikaribia kuua mzazi," akasema. "Nimepaka watoto miaka yote hii. Nani ajuaye nimewafanyia nini?"

Nilikuwa nimerudi kijijini nikiuliza kila kitu, na hatimaye nilikuwa nimemfundisha na yeye kuuliza. Akaanza na mikono yake mwenyewe.

Jumamosi ya tatu niliokota mbegu zilizobaki chini ya minyonyo, nikawasha moto, nikakaanga, nikatwanga. Bibi alisikia kinu akaja jikoni, akasimama bila kunizuia. Nilikuwa nimekwisha kuweka maji chunguni mkunga alipoingia na barua mkononi. Alikuwa amekuja kuniomba mimi, msomi, nimsaidie kuandika maelezo.

"Kaa kwanza, dada," nikamwambia. "Chungu hakijatoa povu."

Wakakaa wote wawili. Yeye kwenye kile kigoda.

"Nina kinyongo na huyu," nikasema. Nilimwambia bibi, maana sikuweza kumtazama mwingine. "Tangu siku ya kwanza. Kwa sababu ya kigoda, na Kizigua, na chupa uliyompa ukaninyima mimi. Na kwa sababu ya mwiko. Jioni ile kabla ya pikipiki kufa, nilijaza tangi mafuta ya lori."

Mkunga ndiye aliyesema kwanza.

"Kiasi gani?"

"Nusu tangi. Moja kwa ishirini."

"Ulipima?"

"Kwa glasi."

"Glasi gani?"

"Ile ya dawa."

"Glasi yangu!" Akacheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Watu wengine wanaua kwa panga, wewe unaua kwa vipimo." Halafu sauti yake ikawa nyingine. "Nilinusa. Nikakuuliza wewe. Nilikuuliza, dada, ukasema petroli."

Alikunja barua, akainuka, akatoka.

Bibi hakunifariji wala hakunigombeza. Alichungulia chungu, akasema, "Limetoka. Shika mwiko." Nikakoroga. Mafuta yalipanda. Yangepanda hata kama ningenyamaza. Hilo bado nalishikilia. Lakini bibi alipoona yanapanda alifunika uso kwa kanga yake, na Jumatatu yule mwanamke aliitwa arudi na kichanga chake.

Maelezo niliyaandika mimi, kwa jina langu na kwa kosa langu, nikayapeleka Korogwe mwenyewe. Mkunga hakuadhibiwa. Pikipiki ilirudi baada ya miezi miwili na ringi mpya za pistoni, pamoja na amri kwamba isitiwe kitu chochote isipokuwa mafuta maalumu ya kopo. Makopo hayakuja. Ilisimama chini ya baraza la zahanati, kuku wakilala juu ya kiti chake, na mkunga alikwenda kwa wajawazito wake kwa miguu masika yote. Nilijitolea kumbebea mkoba. Siku nyingine alikubali. Aliendelea kuniita dada, lakini Jumamosi hakuja tena jikoni, na bibi alipokuwa amekaa na mimi peke yangu alikuwa akitega sikio barabarani. Kigoda nilikipata. Nilikikalia, na kila nikikikalia nilijiona nimekalia mahali pa mtu.

Bibi alifariki bila kujua kwa nini hasa mashine ile ilikufa. Mimi nilijua baada ya miaka mingi, Dar es Salaam, katika duka la vipuri nilikokwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Juu ya rafu palikuwa na kopo la mafuta ya pikipiki za mashindano, na upande wake pamechorwa jani ambalo ningelitambua hata gizani, jani la mnyonyo. Nikaomba kopo lile nikasoma maandishi madogo ya nyuma. Yalisema mafuta ya mimea yasichanganywe kamwe na oili itokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, kwa kuwa yakikutana hayapatani, hugeuka gundi. Nilimuuliza muuzaji kuhusu mafuta ya lori, ambayo ni oili ya namna hiyo. Akasema pikipiki nyingi za zamani za mipigo miwili ziliendeshwa kwa hayo, zikatoa moshi na kuchafua plagi, zikafika. Mafuta ya bibi peke yake yangemfikisha mkunga bondeni asubuhi ile. Na yangu, peke yake, yangemfikisha.